Tuanzie msituni au kwenye chemchemi? Jibu kwa mwalimu wa Uru

Swali: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huko Uru, Wilaya ya Moshi, na ni mlezi wa klabu ya mazingira. Kila mwaka tunapanda miti shuleni na kandokando ya msitu, na kila mwaka mingi inakufa. Wazazi wananiambia kuwa msitu ni wa KINAPA, yaani Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, kwa hiyo wenye msitu wautunze. Nifanye nini ili uhifadhi uwe wa kijiji chenyewe na watoto wajifunze jambo litakalodumu? Je, tunaruhusiwa kupanda miti ndani ya nusu maili?

Jibu: Mwalimu, nianze na wazazi, kwa kuwa kauli yao ina historia na si ukaidi mtupu. Msitu wa Kilimanjaro ulitangazwa kuwa hifadhi ya misitu mwaka 1921, na mwaka 1941 ulitengwa katika mteremko wa kusini ukanda wenye upana wa nusu maili, yaani takribani mita 800, ukawekwa chini ya Baraza la Wachagga ili wananchi wapate humo kuni, mbao na majani ya ng'ombe pasipo kuugusa msitu wa ndani. Hifadhi ya Taifa ilipoanzishwa mwaka 1973 ilishika zaidi eneo lililo juu kuliko msitu. Ni mwaka 2005 ndipo mpaka uliposhushwa na msitu wote, pamoja na nusu maili yenu, ukaingia ndani ya hifadhi. Babu wa mwanafunzi wako aliufahamu ukanda ule kama mali iliyokuwa na kanuni zake na wasimamizi aliowajua kwa majina. Mwanafunzi mwenyewe anaufahamu kama mahali ambapo mama yake anaweza kukamatwa na askari.

Sisemi kwamba uamuzi wa 2005 haukuwa na sababu. Uchunguzi uliofanywa kwa ndege mwaka 2001 ulionyesha ukataji mkubwa wa miti ya asili, hasa mseri, pamoja na matanuri ya mkaa na mashamba yaliyofunguliwa katikati ya msitu, na ulinzi mkali ulihitajika ili hali hiyo ikomeshwe. Hata hivyo, ulinzi huo uliliondoa suala la msitu kwenye ajenda za mkutano wa kijiji na kulipeleka kwenye lango la hifadhi, na watu hawajitokezi kulinda kitu ambacho neno lao halina uzito juu yake. Semina, fulana na kofia haziwezi kuliziba pengo hilo. Ndiyo maana ushauri wangu ni kwamba msianzie msituni. Anzieni mahali ambapo kijiji kina mamlaka kamili leo hii, yaani kwenye chemchemi, kingo za mito, mfongo (mfereji wa asili wa maji) na vihamba (mashamba ya ukoo yanayozunguka nyumba), kisha msogee kuelekea msituni mkiwa tayari na kitu cha kuzungumza na hifadhi.

Kuna sababu ya kisayansi pia, na hii ningependa iingie darasani kabla ya nyingine zote. Watoto wengi, na watu wazima wengi vilevile, wameaminishwa kwamba mito yetu inatoka kwenye theluji ya Kibo, kilele cha mlima, na kwamba theluji ikiisha maji yataisha. Ni kweli kwamba barafu inapotea: kati ya mwaka 1912 na 2007 eneo lake lilipungua kwa takribani asilimia 85. Lakini barafu ile ni ndogo, na sehemu yake kubwa hugeuka mvuke moja kwa moja katika hewa kavu ya juu bila kuwa maji ya mto. Watafiti wanakadiria kwamba asilimia 96 ya maji yanayotiririka kutoka mlimani yanatoka katika ukanda wa msitu. Mvua kubwa zaidi katika mteremko wa kusini haiko kileleni, iko katikati ya msitu, kwenye kimo cha mita 2,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Na juu zaidi, ukungu unaopita hunaswa na majani, kuvumwani na ndevu za miti, ukadondoka chini hata siku ambayo mvua haikunyesha. Mtaalamu wa mimea Andreas Hemp, ambaye ameufanyia mlima huu utafiti kwa miongo mingi, ameonyesha kwamba moto uliokwisha kuteketeza misitu ya juu umetupotezea maji mengi ya ukungu kuliko tunayopoteza kwa kuyeyuka kwa barafu. Kwa hiyo mtoto anayefundishwa kuililia theluji anafundishwa kulilia kitu ambacho hawezi kukifanyia lolote, huku jambo linaloamua kama bomba la shule litatoa maji mwezi Septemba likiwa kwenye mti, udongo na kiberiti, yaani vitu vilivyo karibu naye kabisa.

Kihamba nacho ni msitu wa aina yake, ingawa tumezoea kukiita shamba tu. Juu kuna mringaringa, mruka na msesewe. Chini yake migomba. Chini ya migomba kahawa. Chini ya kahawa magimbi na majani ya mifugo. Na samadi ya zizini inarudi ardhini. Majirani zenu wa Shimbwe Juu walitambuliwa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa mwaka 2011 kwa sababu ya mfumo huu, ukahesabiwa miongoni mwa mifumo ya urithi wa kilimo duniani. Mfumo huo umechoka, na sababu zake mnazijua: bei ya kahawa iliporomoka, kihamba kimegawanywa kwa wana wa vizazi vitatu hadi kila mmoja amebaki na kipande kidogo, na mti wa kivuli wa zamani ukawa ada ya sekondari. Sioni haja ya kumlaumu mzazi aliyeuza mruka ili mtoto asome. Ninachouliza ni kama alipanda mwingine, ni wa aina gani, na kama kuna mtu kijijini anayejua hesabu ya iliyobaki. Klabu yako inaweza kuijua. Mpe kila mtoto kazi ya kuhesabu miti mikubwa ya kihamba cha kwao, kuandika jina la kila mti kwa Kichagga na kwa Kiswahili, na kumuuliza bibi au babu mti huo ulipandwa na nani na kwa ajili ya nini. Katika muhula mmoja utapata sajili ya miti ya vitongoji ambayo hata halmashauri haina, na utakuwa umewaweka wazee kwenye nafasi ya walimu bila kuwaita kwenye semina.

Sasa kuhusu miti inayokufa. Ukitaka kujua kwa nini inakufa, tazama kwanza tarehe ya kupanda. Katika mteremko wetu masika huanza Machi na kwisha Mei, na vuli ni kati ya Oktoba na Desemba. Mche uliowekwa ardhini mwanzoni mwa Aprili una wiki kadhaa za mvua za kushusha mizizi kabla ya kipupwe. Mche uliowekwa Julai hauna kitu. Lakini Julai na Agosti ndiyo miezi ambayo wageni wa kujitolea hufika Moshi kwa wingi, kwa kuwa ndiyo likizo ya kwao, na kila mmoja angependa apigwe picha akipanda mti. Wapokeeni vizuri, ila wapeni kazi ya msimu huo: kujaza viriba udongo na samadi, kukarabati uzio wa kitalu, kuchimba mashimo na kuyaacha yapigwe na jua, kusafisha mfongo. Huo nao ni uhifadhi, hata kama haupendezi sana kwenye picha.

Sababu ya pili ni mbuzi na jembe. Miche mingi ya shule haifi kwa ukame bali kwa kuliwa, au kukatwa na wanafunzi wenyewe wanaofyeka nyasi siku ya usafi. Mche mmoja uliozungushiwa miba na kupaliliwa kwa miaka miwili una thamani kuliko mia iliyopandwa kwa gwaride. Ya tatu ni aina ya mti. Mkaratusi hukua haraka na una kazi yake kwa anayehitaji nguzo, lakini kando ya chemchemi ni mgeni asiyeshiba, na huo ndio mti ambao mara nyingi hugawiwa bure. Kwenye vyanzo vya maji tafuteni msesewe, mkuyu na miti mingine ya asili ambayo wazee watawaonyesha ikiwa bado imesimama mabondeni. Mbegu zake mzikusanye wenyewe. Mgrivea upandwe mipakani mwa vihamba, ambako umethibitika kufaa kwa mbao na kuni.

Kisha badilisheni namna ya kuhesabu. Nchi yetu imeweka lengo la kila halmashauri kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka, na lengo hilo limeleta miche mingi, lakini pia limetuzoesha kuripoti iliyopandwa na kunyamaza kuhusu iliyopona. Klabu yako iripoti idadi moja tu: miti iliyo hai baada ya miezi kumi na miwili. Kila mti ukabidhiwe wanafunzi wawili, mmoja wa darasa la sita na mmoja wa darasa la tatu, ili wa kwanza akihitimu mti usibaki yatima. Daftari la miti hiyo liwe na nakala mbili, moja shuleni na nyingine katika ofisi ya kijiji. Nasema hivyo kwa sababu klabu nyingi za mazingira hufa siku mwalimu mlezi anapohamishwa, na wewe, Mwalimu, unaweza kuhamishwa wakati wowote.

Katika elimu yenyewe, ningependa uache kidogo nyimbo na maigizo, ambayo watoto wanayafanya vizuri bila msaada wetu, na uwape vipimo. Chukua ndoo ya lita 20 na saa, nendeni kwenye chemchemi siku ileile ya kila wiki, mpime inajaa kwa sekunde ngapi. Ikijaa kwa sekunde 40, chemchemi inatoa nusu lita kwa sekunde, na mtoto wa darasa la tano anaweza kukokotoa kwamba hiyo ni lita 43,200 kwa siku. Akigawanya kwa idadi ya watu wa kitongoji atajua kama yanatosha. Wekeni pia kopo lenye kuta zilizonyooka na kitako bapa mahali pa wazi, mpime mvua kwa rula kila asubuhi. Baada ya mvua kubwa, jazeni chupa angavu maji ya mto, iacheni itulie hadi kesho yake, kisha mpime unene wa tope lililozama. Linganisheni maji yaliyotoka chini ya kihamba chenye miti na yale yaliyotoka chini ya shamba la mahindi lililolimwa hadi ukingoni. Baada ya mwaka mmoja mtakuwa na grafu mbili ukutani, ya mvua na ya chemchemi, na mtaona kwamba chemchemi haifuati mvua papo hapo, inachelewa. Hilo ni somo la jiografia, hisabati na sayansi kwa pamoja, na hakuna kitabu chenye takwimu za chemchemi yenu isipokuwa mtakachokiandika wenyewe. Klabu za Malihai, ambazo makao yake yako Arusha, na mtandao wa Roots & Shoots ulioanzishwa na Jane Goodall jijini Dar es Salaam mwaka 1991, zinaweza kuwaunganisha na shule nyingine zinazofanya kazi kama hiyo.

Kuna jambo moja ambalo naomba ulikatae hata ukiombwa na mkubwa. Usiruhusu watoto watumike kutaja nani alikata mti au nani aliingia msituni. Mtoto aliyemtaja mjomba wake atakuwa na amani na askari na uadui na ukoo, na shule itafungiwa milango ambayo hakuna klabu itakayoifungua tena. Watoto wapime na kuonyesha matokeo. Kuhukumu ni kazi ya watu wazima walio na kikao na muhuri.

Kikao hicho ni mkutano mkuu wa kijiji, na hapa ndipo uhifadhi unapopata mguu wa kisheria. Halmashauri ya kijiji inaweza kuandaa sheria ndogo za kutunza vyanzo vya maji, ikazipeleka kwenye mkutano mkuu, na zikipita zikapelekwa halmashauri ya wilaya kuidhinishwa. Watu wengi huishia kwenye hatua ya pili, wakapiga makofi na kuondoka. Bila idhini ya wilaya, faini mnayomtoza mtu haina nguvu mbele ya hakimu. Omba nafasi katika mkutano mmoja, na badala ya kuhutubia, waache watoto wawaonyeshe wazazi grafu na chupa za tope. Mzazi anayekwambia msitu ni wa KINAPA hawezi kusema chemchemi ni ya KINAPA, kwa kuwa jioni mkewe anachota pale.

Mtakutana na suala la mita 60. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto na vyanzo vingine vya maji. Tambarare sharti hilo linatekelezeka bila kelele nyingi. Katika milima yetu, ambako kihamba chote kinaweza kuwa na upana mdogo kuliko huo na chini yake kuna makaburi ya ukoo yaliyozungushiwa masale, kupima kwa kamba na kuamuru watu waondoke kunazaa vita na si miti. Maoni yangu ni kwamba kijiji kianze kwa yale yanayoleta madhara zaidi na yanayokubalika kwa urahisi zaidi: hakuna kulima mazao ya msimu ukingoni, hakuna mkaratusi, hakuna kufungia ng'ombe juu ya chemchemi, na ukingo wote upandwe majani ya mifugo na miti ya asili ambayo mwenye kihamba ataendelea kuyavuna majani yake kwa mkono. Waalikeni watu wa Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, ambao ofisi yao iko hapa Moshi, waje kuona kabla hamjaandika, ili mpango wenu usipingane na sheria na wao wasiwashtukize baadaye. Wao pia wana sababu ya kuja: maji yanayotoka kwenye miteremko yetu yanakwenda kwenye mpunga wa Mabogini, bwawa la Nyumba ya Mungu na mitambo ya umeme ya Mto Pangani.

Katika kuunda kamati, fuateni mfano wa mfongo. Wazee wetu walichimba mifereji hiyo kwa zamu, wakagawana maji kwa zamu, na asiyefika kusafisha alikosa zamu yake. Hapakuwa na posho ya kikao. Kasoro yake ilikuwa kwamba kauli ya mfongo ilikuwa ya wanaume, ilhali anayebeba maji, kuni na majani ya ng'ombe ni mwanamke. Kamati isiyo na wanawake wanaobeba mizigo hiyo kila siku itaandika mihtasari mizuri na haitajua chochote kinachotendeka bondeni.

Hayo yakishasimama, ndipo mwende kuzungumza na hifadhi, na mwende na mambo mahususi. La kwanza ni moto. Moto wa Oktoba 2020, uliowaka katika njia ya Marangu, uliunguza kilomita za mraba zipatazo 95, na ulizimwa kwa jasho la mamia ya watu, wakiwamo wananchi wa kawaida. Wapagazi, wapishi na waongoza watalii wengi ni wazazi wa wanafunzi wetu; jioni moja ya mazungumzo nao kuhusu majivu na viberiti ina faida kuliko mabango kumi yaliyo barabarani. Warina asali vivyo hivyo: anayefuata nyuki kwenye pango la mti kwa mwenge ni hatari kwa msitu mzima, na akipata mizinga ya kisasa pembeni mwa kihamba, kofia na bomba la moshi, hana tena haja ya mwenge. La pili ni kuni na majani, ambavyo ndivyo vinavyowapeleka akina mama msituni. Jiko banifu na mgrivea wa mpakani hupunguza safari hizo, lakini havizimalizi, na ni vema mseme hivyo waziwazi. TANAPA, shirika linalosimamia hifadhi za taifa, ina kitengo cha ujirani mwema, chenye maofisa wanaofanya kazi na vijiji vinavyopakana na hifadhi na kusaidia miradi yake, vikiwamo vikundi vya kuweka na kukopa vya COCOBA. Kijiji kinachofika na sajili ya miti, takwimu za chemchemi za mwaka mzima na sheria ndogo zilizoidhinishwa kinazungumza kama jirani; kinachofika na barua ya kuomba madawati kitapewa madawati, na mazungumzo yataishia hapo.

Ukipenda kuwavutia watoto kuelekea msituni, waeleze kwamba katika bonde moja la mlima huu watafiti walipima mti wa asili mrefu kuliko wote uliojulikana barani Afrika, wenye mita 81.5, na matokeo yakachapishwa mwaka 2016. Mti huo ulisimama kimya juu ya vijiji vyetu wakati sisi tukiwafundisha watoto kuhusu miti ya Amerika.

Mwisho, swali lako la nusu maili. Kwa kuwa ukanda huo sasa uko ndani ya Hifadhi ya Taifa, msipande humo mche wowote, hata wa asili, bila ruhusa ya maandishi ya mhifadhi, na msichukue ruhusa ya mdomo ya askari mliyemkuta doria. Mwalimu mkuu pamoja na mtendaji wa kijiji waandike barua moja kwa Mhifadhi Mkuu wa KINAPA, Marangu, wakieleza eneo, aina ya miti, chanzo cha mbegu na nani atapalilia, na nakala iende kwa ofisa misitu wa wilaya. Andikeni mwezi Novemba au kabla yake, ili jibu likifika miche iwe imefikisha kimo cha kupandwa na masika hayajaanza. Wakikataa, ipandeni miche hiyohiyo ukingoni mwa mto ulio chini ya shule. Maji hayataona tofauti.